Chenga Moja Katika Mia

Bibi Chenga hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na subira ndiyo kabisa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ufundi, na ufundi huo hakuuokota barabarani. Aliuchuma kwa kaka yake, tone kwa tone, akikaa kwenye kigoda nyuma ya benchi, akishika kurunzi na kuambiwa nyamaza. Kushika kurunzi aliweza. Kunyamaza kulimshinda tangu siku ya kwanza.

Kazi yao ilikuwa televisheni za chogo, zile za zamani, zenye kisogo kikubwa kuliko uso. Siku hizi watu wananunua za ukutani, bapa kama sinia, na zikiharibika wanazitupa kama ganda la muwa. Mafundi wengine wa televisheni mtaani pale walikwishahamia kwenye simu. Walikaa kwenye vibanda vyao, mstari mmoja, wameinamisha vichwa kama watu wanaotafuta chawa, wanachokoachokoa vidude visivyoonekana. Bibi Chenga hakuhama. "Aliyezoea kuchinja ng'ombe," alisema, "hawezi kukaa kutwa anachinja panzi."

Chumba chake cha kazi kilikuwa kirefu na chembamba, kama ujia uliokosa nyumba. Upande mmoja benchi la mbao lenye kona za chuma, upande wa pili rafu, na kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho, ilikaa televisheni moja ambayo haikuwa ya kuuza wala ya kutengeneza. Kila asubuhi akifungua mlango, kabla hata hajaweka kikapu chini, aliiwasha. Ikaonyesha chenga. Mitambo ya zamani ya kurushia picha ilizimwa miaka mingi, na chogo usipoifungia king'amuzi haina cha kukuonyesha ila hizo chenga, nukta nyeusi na nyeupe zinarukaruka kama mtama kwenye ungo, na ile sauti ya shhhh isiyo na mwanzo wala mwisho. Jioni akifunga, aliizima. Ndipo akapata jina. Watoto walimwita kwa siri, wakubwa kwa utani, na mwishowe hata karani wa mtaa akaliandika kwenye daftari lake kana kwamba ndilo alilozaliwa nalo.

Watu walidhani ni wazimu wa uzee. Haukuwa wazimu. Televisheni ile ndiyo iliyomuua kaka yake, miaka kumi na mmoja nyuma.

Ambaye hajawahi kufungua chogo na ajue jambo hili. Kioo chake hushika umeme. Unaweza kuchomoa waya ukutani, ukaenda ukala, ukajinyoosha, ukarudi, na kioo bado kimeuficha umeme tumboni, kimya, kinasubiri kidole. Kwa hiyo fundi, kabla ya kutia mkono, huchukua bisibisi ndefu iliyofungwa waya. Ncha ya waya anaibana kwenye chuma cha ndani, kisha bisibisi anaipenyeza chini ya kile kifuniko cha mpira kilichokaa juu ya kioo kama kikombe kilichopinduliwa. Utasikia tap! Kama mtu kavunja njiti. Hapo umeme umetoka. Wao waliita kuutoa. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo ya kwanza kufundishwa mwanafunzi, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Siku ile Bibi Chenga alikwishafungua kisogo. Kaka yake alikuwa mlangoni anaongea na mteja. Akamaliza, akaja anakunja mikono ya shati, akauliza bila hata kumtazama, "Umeutoa?"

Swali dogo. Lakini dada mtu alikuwa na miaka ishirini na mitatu kazini. Alikuwa na mvi. Na mteja alikuwa bado kasimama pale, masikio wazi. Kumuuliza fundi umeutoa mbele ya watu ni sawa na kumuuliza mpishi mzee kama amenawa mikono. Damu ikampanda kichwani, akajibu, "Nimeutoa."

Hakuwa ameutoa. Hesabu yake ilikuwa kwamba atasema nimeutoa, kisha ageuke, aichukue bisibisi na kuutoa upesi, mtu asijue. Bisibisi ilikuwa hatua moja tu. Lakini kaka yake alikuwa mwepesi wa mkono kuliko yeye. Siku zote alikuwa mwepesi.

Umeme ule kwa kawaida hauui. Unakuzaba kofi, unatukana, kesho unacheka. Kaka yake ulimrusha nyuma, na kona ya benchi ikampokea kisogoni. Mteja alikimbia kuita watu, yeye mwenyewe asirudi tena, na watu walipokuja hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alijijibu mwenyewe: fundi kajisahau. Kasahau kuutoa. Dada mtu akaliacha neno lile lipite. Siku ya kwanza alikuwa analia. Siku ya pili nyumba ilijaa watu. Wiki ya pili alisema atasema kesho, na kufikia mwezi wa pili neno lilikwisha kauka kama saruji, na yeye mguu wake umo ndani.

Mtaa nao haukumwacha marehemu alale. Zamani walimwita Fundi Mkubwa, kwa heshima. Sasa mtu akiunguza bodi ya mteja, wenzake wanampigia kelele, "Umefanya ya Fundi Mkubwa!" Mtu akisahau funguo, ya Fundi Mkubwa. Akisahau chumvi, ya Fundi Mkubwa. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini bila kuunguza hata fyuzi ya mwenzake, amegeuzwa jina la uzembe. Na anayelisikia kila siku ni mjane wake, kwa kuwa njia ya kwenda kazini kwake ilipita katikati ya vibanda vile.

Mjane huyo ndiye wifi yake Bibi Chenga. Waliishi pamoja, vyumba viwili nyuma ya karakana, wakichangia jiko, bafu na magomvi. Wifi alikuwa mpishi wa chuo, mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kutikisa sufuria. Miaka kumi na mmoja walikula meza moja. Wifi alimpakulia kwanza, akamwekea mnofu, akamwambia, "Kula wifi, wewe ndiye uliyebaki wa damu yake." Na Bibi Chenga aliutafuna mnofu ule macho yakiwa kwenye sahani, kila siku, kwa miaka kumi na mmoja.

Aliiwasha ile televisheni kwa sababu televisheni inayowaka hakuna anayeifungua. Ndivyo ilivyoanza. Kisha ikawa kitu kingine. Mnamo saa nne asubuhi jua likiingia kwa dirisha la nyuma na kugonga kioo, chenga zilijikusanya, zikawa na uzito upande mmoja, kama bega la mtu aliyeinama. Akipeleka mkono karibu na kioo, vinyweleo vya mkononi vilisimama vyote. Alijua ni umeme wa kioo. Yeye mwenyewe aliwafundisha wengine kuwa ni umeme wa kioo. Hata hivyo hakuwahi kukigusa kioo kwa kiganja. Na ndani ya ile shhhh, akiinama kazini na kusahau kidogo, mtu alivuta pumzi kama anayetaka kuuliza jambo. Alikuwa akiacha chombo mkononi na kungoja. Swali halikutoka. Pumzi tu, ya mtu anayekunja mikono ya shati.

Sasa, Jumamosi moja wifi akaja na mgeni. Binti mrefu, miwani puani, begani mkoba uliovimba kwa karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simu hatutengenezi."

"Sijaleta simu, mama."

"Na ving'amuzi pia hatutengenezi."

"Wifi!" Mjane akacheka nyuma yake. "Mwache mtoto wa watu apumue. Huyu ni mwalimu wa pale chuoni, anafundisha fizikia. Nilimwambia nyumbani kwetu kuna chogo inaonyesha chenga kutwa, akaniacha na sahani mkononi. Tangu juzi ananifuata jikoni kama paka."

Mwalimu hakuwasikia. Alikwisha simama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kwa mkubwa. "Ndiyo hii," alisema polepole. "Mama, unajua unatazama nini?"

"Natazama chenga. Wewe umeona sinema?"

"Baadhi ya hizi chenga ndiyo nuru ya kwanza ya ulimwengu."

Bibi Chenga akamtazama wifi yake, wifi akainua mabega, maana yake mimi napika tu.

Mwalimu akaeleza. Hakueleza kwa maringo, hilo Bibi Chenga alilikubali hata baadaye. Alisema zamani, kabla ya jua na kabla ya nyota, kila kilichopo kilikuwa kimebanana pamoja, moto usio na mfano. Kisha kikaanza kutanuka, ndio huo watu wanaouita mlipuko mkubwa, na hadi leo kinatanuka. Nyota na nyota, kundi na kundi, vinazidi kuachana. "Na si kwamba vinakimbia, mama. Nafasi iliyo katikati yao ndiyo inayoongezeka. Kila kimoja kimekaa pake, na bado kinakuwa mbali na mwenzake."

"Basi na kiuno changu kina mlipuko wake," alisema wifi. "Kimekaa pake na bado kinatanuka."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Bibi Chenga hakucheka. "Na kabla ya huo moto kulikuwa na nini?"

"Hatujui, mama."

"Na mshahara mnachukua?"

"Tunachukua," mwalimu akakiri. "Lakini hata wakubwa wetu waligombana. Walikuwapo waliokataa kabisa habari ya mwanzo. Walisema ulimwengu upo siku zote, vilevile. Unatanuka, sawa, lakini vitu vipya vinazaliwa kidogokidogo kujaza mapengo. Hauna siku ya kwanza."

"Hao ndio wenye akili," alisema Bibi Chenga upesi. Aliupenda ulimwengu usio na siku ya kwanza. Katika ulimwengu wa namna hiyo hakuna wa kukurudisha nyuma hadi saa fulani, mlango fulani, akakuuliza ulisema nini.

"Walikuwa na akili sana. Lakini kelele hii ndiyo iliyowashinda." Mwalimu akaonyesha kioo. "Watu wawili walikuwa na antena kubwa, wakasikia shhh kama hii. Wakadhani ni ubovu. Wakakagua kila waya, wakafunga kila kiungo, wakafagia hata mavi ya njiwa ndani ya antena. Kelele ipo. Waigeuzie antena huku, ipo. Kule, ipo. Asubuhi, jioni, ipo. Ilikuwa inatoka pande zote za mbingu sawasawa. Kumbe ni joto la ule moto wa kwanza. Ulipoa, nuru yake ikavutwa, ikavutwa pamoja na nafasi, mpaka ikaacha kuonekana kwa macho. Lakini antena inaipata."

Mafundi waliofagia mavi ya njiwa kutafuta ubovu, hao Bibi Chenga aliwaelewa. Akaweka chini pasi ya risasi, ile ya kuungia nyaya. "Kwa hiyo moto wenyewe ulikwisha zimika."

"Zamani, mama. Miaka bilioni kumi na tatu na ushei."

"Umezimika, lakini bado umeshika."

"Bado."

"Na hakuna aliyeutoa."

Mwalimu hakujua neno hilo lina nini ndani yake. Akalijibu kama swali la darasani. "Autolee wapi, mama? Ili joto litoke lazima pawe na nje, mahali pa kwenda. Ulimwengu hauna nje. Limebaki humu humu na sisi."

Kwenye rafu ile shhhh iliendelea. Bibi Chenga alisikia nywele za kisogoni zikisimama, naye alikuwa hatua nne kutoka kwenye kioo.

"Chenga zote hizi ni za huko?" aliuliza baadaye.

"Hapana. Kama moja katika mia. Nyingine ni za jua, za mitambo ya watu, nyingi za mashine yenyewe."

"Na hiyo moja mnaijuaje?"

"Kwa macho hatuijui, mama. Imechanganyika na wenzake. Tunajua tu kwamba imo."

Hapo ndipo mwalimu akatoa haja yake. Alitaka televisheni ile kwa ajili ya darasa lake. Vijana wake hawakuwahi kuona chenga maishani, na vitabu havitoshi. Mkuu wa chuo alikubali kwa sharti kwamba fundi aifungue, aipanguse, aikague, aseme ni salama. Gari la chuo lingekuja Jumatatu.

"Haitolewi," alisema Bibi Chenga.

"Nimeshampa," alisema wifi.

"Umempa? Ni yako?"

"Ni ya nani? Mteja mwenyewe hakurudi kuichukua, nani atapeleka nyumbani televisheni iliyoua mtu? Imemla mume wangu, wifi. Ni yangu kama vilivyo vyangu viatu vyake." Sasa hakuwa anacheka. "Nimechoka kuisikia inapumua ukutani kwangu."

Bibi Chenga akamgeukia haraka. "Inapumua?"

"Nimesema inapiga kelele."

"Umesema inapumua."

"Basi kama nimesema nimesema. Jumapili nitakuja unionyeshe ndani. Nataka kupaona mahali palipomgusa."

Usiku ule hakulala vizuri, na Jumapili asubuhi alitafuta kila namna ya kukwepa. Alisema bisibisi imepotea. Wifi akaikuta imening'inia msumarini pake. Alisema mgongo unauma. Wifi akamletea mto. Mchana, jua likiwa limeanza kuhama dirishani, wifi aliingia karakana na kitambaa kibichi na kigoda, akakaa kwenye kigoda kile kile cha mshika kurunzi, akasema, "Haya, fundi."

Aliizima. Akaichomoa. Akafungua skrubu nne, moja moja, akakivuta kisogo. Harufu ya vumbi lililoungua ikatoka, nzito, harufu ya siku ile. Ndani vumbi lilikuwa nene kama manyoya, kwa kuwa kioo huvuta vumbi kama kinavyovuta nywele. Limejaa kote, limelala sawasawa juu ya kila kitu, isipokuwa kando ya kile kifuniko cha mpira. Pale vumbi lilikuwa jembamba, sehemu ya upana wa vidole viwili. Labda upepo wa joto ndio uliolipunguza. Labda. Bibi Chenga alitazama mahali pale, na mkono wake uliokuwa unaelekea kwenye bisibisi ukasahau ulikokuwa unakwenda.

"Kumbe uchafu wote huu," alisema wifi. Akainuka, kitambaa kibichi mkononi, akainama juu ya kioo. "Ngoja nipanguse." Kisha, kwa kuwa alikuwa mke wa fundi, na neno moja la kazi ile alikuwa akiletewa nyumbani kila jioni pamoja na harufu ya risasi, akauliza huku mkono umeshaingia, "Umeutoa?"

Na neno likaja lenyewe mdomoni. Nimeutoa. Bibi Chenga alilisikia likipanda kooni, laini, limezoea njia. Akamkamata wifi yake kifundo cha mkono kwa nguvu hata kitambaa kikaanguka.

"Sikuutoa!"

"Ala! Basi si uutoe? Unanivunja mkono."

"Sikuutoa siku ile."

Wifi alibaki kama alivyokuwa, ameinama nusu. "Siku gani?"

"Aliniuliza kama nimeutoa. Mteja alikuwa mlangoni. Nikaona ananidharau mbele ya watu. Nikamwambia nimeutoa. Sikuwa nimeutoa, wifi. Hakujisahau. Aliuliza. Aliuliza kama fundi anavyouliza."

Wifi akautoa mkono wake polepole, kama unavyoutoa kwenye shimo la nyoka. Akaokota kitambaa. Akakikunja mara mbili, kisha mara nne, akakiweka mapajani na kukaa.

"Sema tena."

Akasema tena.

Wifi alikilainisha kile kitambaa kwa kiganja. Alipofungua mdomo hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupaza. "Yeye hakuwa anamwamini mtu katika umeme. Unalijua hilo? Ukisema umeutoa, alikuwa anangoja ugeuke, anarudia mwenyewe kwa siri. Alikuwa akija kunisimulia, tunacheka."

"Najua. Nilimfuma anarudia, wiki ile ile aliyokufa. Nilimfokea. Nilimwambia kama mimi bado mtoto basi anirudishe kwa mama."

"Alirudi nyumbani jioni ile hakula upesi. Aliniambia, mdogo wangu amenigombeza leo, na ana haki. Ana mvi kichwani, ni fundi kamili, na mimi namchunga kama mwizi. Kuanzia leo akisema umetoka, basi umetoka."

Hilo Bibi Chenga hakulijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba uongo mmoja, akidhani ameshaupima uzito wake wote. Kumbe chini yake palikuwa na jambo jingine. Ile siku aliyosema nimeutoa, ilikuwa mara ya kwanza kaka yake kumwamini kama fundi mwenzake.

Akataka kukaa, hakuna pa kukaa. Kigoda kilikuwa kimoja. Akashika ukingo wa rafu. Televisheni ilikuwa imechomolewa, iko wazi, matumbo nje, na bado ile shhhh ilikuwamo chumbani, inatoka pande zote sawasawa.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia," alisema wifi. Lakini hakueleza anasikia nini. "Miaka kumi na mmoja napita kwenye vile vibanda. Ya Fundi Mkubwa, ya Fundi Mkubwa. Nilifika mahali nikawa namkasirikia mwenyewe huko aliko. Namwambia, kwa nini ulijisahau? Kitu cha nusu dakika, ukaniacha kwa uzembe! Nilikuwa namgombeza kitandani, wifi, kama mtu yupo. Namgombeza mtu aliyeuliza!" Akajipiga paja kwa kile kitambaa. "Na wewe upo chumba cha pili unanisikia."

"Nilikusikia."

"Ukaziba masikio."

"Nikaziba."

"Utoe huo umeme."

Bibi Chenga akachukua bisibisi. Akabana waya, akaipenyeza chini ya mpira. Tap! Wifi akashtuka.

"Ndio huo?"

"Ndio huo."

"Mdogo hivyo?"

"Mdogo hivyo."

Hapo ndipo wifi akalia, si kwa sauti, mabega tu, na Bibi Chenga hakuthubutu kumshika. Hatua moja ilikuwa kati yao, na hakuna hata mmoja aliyesogea, na ile hatua iliongezeka.

Wifi alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya mkono wa gauni. "Kesho, gari likishaondoka, utakwenda kibanda kwa kibanda. Kuanzia kwa fundi saa mpaka kwa wale watoto wa simu. Utawaambia kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno."

"Wote?"

"Umemwacha afe mara ngapi kwenye midomo yao? Wote."

"Watanicheka."

"Hawatacheka." Wifi akainuka. "Heri wangekucheka."

"Na sisi, wifi?"

Mjane alisimama mlangoni, mgongo umemgeukia. "Sisi sijui. Kwanza yeye." Jioni ile chakula kilipakuliwa. Bibi Chenga alijipakulia mwenyewe.

Jumatatu gari la chuo lilikuja. Mwalimu aliipokea televisheni kwa mikono miwili, akaifunga kwa blanketi, akamwuliza kama ni salama. "Ni salama," alisema Bibi Chenga. "Lakini ukimfundisha mtu, usimfundishe kuamini mdomo wa mwingine. Arudie mwenyewe." Mwalimu akaahidi, akidhani ni somo la umeme. Gari likaondoka, na kwenye rafu ikabaki mraba safi usio na vumbi. Bibi Chenga hakuutazama sana. Alifunga mlango saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza kutembea.

Vibanda vilikuwa kumi na saba. Cha kwanza kilikuwa cha fundi saa, mzee kama yeye, mmoja wa waliobeba jeneza. Alikuwa ameinama, lile jicho lake la lenzi ya kukuzia limekaa usoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake.

"Oho, Bibi Chenga! Leo umefunga duka? Au umefanya ya Fundi Mkubwa, umesahau funguo ndani?" Vijana wa kibanda cha pili wakacheka.

"Nimekuja kwa ajili ya neno hilo hilo."

"Karibu basi, keti."

"Sikai. Nisikilize." Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi, hata aliyemkanyaga, na miguu yake ilitaka kurudi. "Kaka yangu hakujisahau. Aliniuliza kama nimeutoa umeme, nikamjibu nimeutoa. Sikuwa nimeutoa. Nilisema uongo kwa sababu ya kiburi, akaniamini, akafa."

Fundi saa alivua lile jicho. Akamtazama kwa macho yake matupu, madogo, yenye maji. Saa zote ukutani zilikuwa zinakwenda, kila moja na wakati wake. Kisha akawageukia wale vijana wa kibanda cha pili.

"Zimeni redio," aliwaambia. Na kwake yeye, "Sema tena. Kwa sauti, wote wasikie."

Alidhani mara ya pili itakuwa nyepesi. Haikuwa. Akasema yote, tangu mlango hadi kona ya benchi, na hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliinamisha kichwa, lakini hakuwa anachokoa kitu. Bibi Chenga akangoja mtu amtukane, hakutokea. Basi akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akaenda kibanda cha tatu.